‘Mtoto wa chupa’: Jina lililotangulia kuzaliwa

Julai 25, 1978, mjini Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtu wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili wa mama. Wazazi wake, Lesley na John, walikuwa wamehangaika kwa miaka tisa kutafuta mtoto.

Kabla hawajampa jina, magazeti yalikwishampa la kwao: mtoto wa chupa. Ukweli ni kwamba yai la mama na mbegu ya baba vilikutanishwa kwenye kisahani cha maabara, kisha kiinitete kikarudishwa tumboni. Lesley alibeba mimba kama kina mama wengine. Lakini jina lilishika, na wengi wakadhani mtoto kakuzwa ndani ya kioo. Familia ilipokea barua za pongezi, pia za matusi.

Ndiyo maana watafiti wa maadili ya tiba huyarudia magazeti ya zamani. Hutazama nani alihojiwa, neno gani lilitumika, hofu gani ilirudiwarudiwa, na nani hakuulizwa kabisa.

Msomi Michael Mulkay alifanya kazi hiyo katika kitabu chake cha 1997, kuhusu mjadala wa Uingereza wa utafiti wa viinitete. Kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ilikuwa imependekeza mwaka 1984 kwamba kiinitete kisifanyiwe utafiti baada ya siku 14. Wapinzani walisema huyo ni mtoto ambaye hajazaliwa. Baadhi ya watetezi wakasema hata kiinitete hakijawa. Kitu ni kimoja, lakini kila jina lilikuja na hukumu yake. Sheria ilipitishwa mwaka 1990, ikaruhusu utafiti kwa masharti.

Uchambuzi wa namna hii hauamui nani ana haki, na sauti ya gazeti si sauti ya watu wote. Unachofanya ni kuonyesha swali liliulizwaje kabla watu hawajalijibu.

Hata nyumbani unafaa. Wanandoa wanaotafuta mtoto wanapotajwa kwenye habari, jiulize: wao wenyewe wamesema nini? Na mtoto akija kuisoma habari hiyo ukubwani, atajisikiaje?

Louise alikua, akaolewa, na mwaka 2006 akajifungua mtoto wa kiume, mimba ikiwa imetungwa kwa njia ya kawaida. Jina la chupa bado linamfuata.