Pikipiki Kuukuu: Kuinunua, Kuifufua na Kuiuza

Wenzangu, muhula uliopita nilifungua shule siku nane baada yenu, kucha nyeusi tititi kama za mchoma makaa. Wengi mliniuliza kulikoni, nami nikawakwepa. Haya basi, leo nitasema, ila nitaanza na kazi yenyewe ili mnielewe.

Likizoni mimi humsaidia mjomba katika kibanda chake cha jua kali hapa Kitale. Hununua pikipiki zilizochoka, akazitengeneza, akaziuza. Azipendazo zaidi ni Honda CG125. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1976, nayo ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kusahauliwa kubadilishwa oili. Vali zake husukumwa na vijiti vya chuma badala ya cheni ya ndani ya injini, kwa hivyo hata fundi wa kijijini huimudu.

Kununua ndiko kwenye kazi. Wahenga walisema rahisi ghali. Ukifika kwa mwenye mali, usiiwashe kwanza, iguse injini. Ikiwa ina joto, jua ameiwasha kabla hujafika ili usione inavyosumbua ikiwa baridi. Ikishawaka, nenda nyuma uutazame moshi. Ukiwa mweusi, inakunywa petroli kupita kiasi. Pengine ni kabureta au kichungi cha hewa tu. Moshi wa buluu ndio wa kuogopa: injini inachoma oili, yaani ringi za pistoni zimelika, ama silinda yenyewe, ama sili za vali. Halafu ivute cheni kwenye gia ya nyuma. Ikiinuka hadi ukaona meno, hiyo imekwisha. Bana breki ya mbele uisukume mbele na nyuma, ukisikia ngo! ngo! kwenye usukani, beringi zimekufa.

Na namba za injini na chesisi je? Zilinganishe na za logibuku. Zikitofautiana au zikiwa zimekwaruzwa, rudi nyumbani na pesa zako, bei iwe rahisi namna gani. Unaweza kulala ndani kwa wizi wa mtu usiyemjua. Vivyo hivyo ukiuza, hakikisha umiliki umehamishwa kupitia eCitizen, maana mnunuzi akigonga mtu na jina bado ni lako, utakayetafutwa ni wewe.

Kutengeneza kunataka subira. Vitundu vya kabureta husafishwa kwa petroli na upepo, si kwa waya, kwani waya hukipanua kitundu. Tanki lenye kutu hutiwa kokoto na mafuta taa, likatikiswa mpaka mikono iume (kazi hiyo ni yangu daima). Cheni hubadilishwa pamoja na gia zake mbili, la sivyo meno ya zamani huila cheni mpya upesi. Silinda iliyolika hupelekwa kwa mwenye mashine akaitanua, labda nusu milimita, kisha ikatiwa pistoni iliyozidi kwa kiasi hicho hicho.

Hapo ndipo nilipoteleza. Tulikuwa tumenunua moja kwa shilingi 22,000, yenye moshi wa buluu. Mjomba alipokwenda matangani Busia aliniachia shilingi 3,800 za silinda na pistoni. Mimi nilikuwa na deni la karo. Kijana mmoja pale jua kali akaninong'oneza, "Tia oili nzito bwana, moshi utajificha." Nikatia. Kweli ukajificha. Mjomba aliporudi nikamwambia silinda imetanuliwa, naye hakuuliza neno. Kwa hesabu yake, spea zote zilikuwa 11,500, jumla 33,500. Tuliiuza 40,000 kwa mzee mmoja mchukuzi wa maziwa.

Siku ya tisa mzee alikuja akiisukuma, mitungi imefungwa nyuma, maziwa yameganda. Hakugomba. Aliiegemeza ukutani akaomba maji ya kunywa. Mjomba akaifungua injini, akaifuta pistoni kwa kitambaa. Sasa, pistoni iliyozidishwa huwa imepigwa chapa ya kipimo chake juu ya kichwa.

"Mpwa," akasema, "hii haina namba."

Nilizirudisha zile 3,800. Faida yote, fungu langu likiwemo, ilikwenda kwa mzee kufidia maziwa na siku alizokosa kazi. Nilibaki kibandani mpaka injini ikafungwa upya, na karo ikapatikana mama alipouza mbuzi wake.

Juzi niliiona ikipita nje ya lango letu na mitungi minne. Nilitazama moshi kwanza.