Ilimba Ilipokutana na Gitaa

Wasikilizaji wetu wa Singida, na hasa ninyi wa Manyoni mnaokaa pamoja na Wagogo, sauti ya ilimba mwaijua bila kuelezwa. Leo twapenda kusema habari za Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, na jinsi muziki wake ulivyogeuka katika santuri moja.

Mwaka 1967 Rais Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye Zawose akakaa Bagamoyo, akifundisha na kupiga. Katika santuri yake iitwayo Chibite, iliyotolewa Uingereza mwaka 1996, twasikia vyombo vya kwao. Lakini mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Humo mna magitaa ya umeme na midundo ya mitambo. Wako walioifurahia, na wako waliouliza: Je, huu ungali muziki wa Kigogo?

Ili kujibu, yatupasa kukitazama chombo chenyewe. Ilimba ni sanduku la mti lenye ndimi za chuma. Baadhi hupigwa kwa vidole. Nyingine haziguswi kabisa, bali huitikia zenyewe, mfano wa mwangwi katika majabali yenu. Tena utando wa buibui hubandikwa juu ya tundu, nao huvuma. Sauti ya ulimi mmoja huzimika upesi, ndiyo maana mpigaji hupiga nyingi mfululizo. Gitaa la Brook ni kinyume: alijulikana kwa gitaa alilolibuni yeye mwenyewe, ambalo sauti yake hudumu muda wote atakao mpigaji.

Tena kuna ugumu mwingine, nao ni mkubwa kuliko huo. Gitaa la kawaida hugawanya ngazi ya sauti katika hatua 12 zilizo sawa, bali Wagogo hufuata sauti zizaliwazo ndani ya sauti moja nene. Hatua zao hazilingani. Basi vyombo hivi viwili havipatani vyenyewe. Hapana budi kimoja kikifuate kingine.

Sisi twaona midundo ile ya mitambo mahali pengine yaifunika ilimba, na hiyo ni hasara. Lakini koo la Zawose, lishukalo chini kwa uzito na kupanda juu kwa wembamba kama wa mwanamke, halikufunikwa. Mwenye kutaka kuamua na asikilize Chibite kwanza, ndipo Assembly. Zawose mwenyewe alifariki Desemba 2003.