Kwa nini maziwa humkubali mmoja na kumkataa mwenzake?

Mzee mmoja mfugaji kutoka viungani mwa mji wa Garissa alinijia na lalamiko lililonifanya nifungue vitabu upya. Kila akinywa maziwa, tumbo hujaa gesi, huunguruma, na baada ya saa moja hivi huharisha. “Daktari,” akaniuliza, “mimi Msomali, nimelelewa kwa maziwa ya ngamia. Itakuwaje yanikatae?”

Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na utumbo huivunja kwa kimeng’enya kiitwacho laktesi. Karibu watoto wote huzaliwa nacho. Kwa watu wazima wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Kwa wengine, hasa katika jamii za wafugaji, huendelea kutengenezwa maisha yote. Tofauti hiyo hurithiwa. Lakini wataalamu walijuaje imekaa wapi?

Kila chembe ya mwili ina kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu za baba na nusu za mama. Chukulia kila kromosomu kuwa msafara wa ngamia waliofungwa kamba mmoja nyuma ya mwingine, na kila ngamia ni jeni. Mbegu ya mume au yai la mke linapotengenezwa, misafara miwili ya jozi moja husimama ubavu kwa ubavu, kamba hukatwa mahali fulani, na sehemu za nyuma hubadilishana. Ngamia wa kwanza na wa mwisho hutenganishwa mara nyingi. Wanaofuatana, ni nadra.

Basi ukihesabu tabia mbili za kurithi hutengana mara ngapi kati ya wazazi na watoto, utapata umbali wa jeni zake. Alfred Sturtevant, aliyekuwa mwanafunzi huko New York, alitumia hesabu hiyo kwa nzi wa matunda na kuchapisha ramani ya kwanza mwaka 1913. Mwaka 2002, watafiti waliochunguza koo tisa za Finland waliangalia ni alama zipi husafiri pamoja na uwezo wa kunywa maziwa. Walifika kwenye kromosomu ya pili: badiliko la herufi moja tu, kiasi cha herufi 14,000 kutoka jeni ya laktesi, ndani ya jeni jirani. Ni kama swichi ya taa yako kuwekwa katika chumba cha jirani!

Badiliko hilo la Ulaya halikutosha kueleza hali ya wafugaji wetu. Mwaka 2007, kundi la Sarah Tishkoff lilitangaza badiliko jingine, karibu kabisa na lile, kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania. Walio nalo hufanana katika kipande kirefu cha kromosomu, zaidi ya herufi milioni mbili. Kama kamba bado hazijakatwa, basi vizazi vilivyopita si vingi. Walikadiria kati ya miaka 2,700 na 6,800, muda unaopatana na kuenea kwa ufugaji sehemu hizi.

Kwa Wasomali mambo yana pindi zaidi. Uchunguzi wa Wasomali wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta mabadiliko kadhaa katika swichi ile ile, moja likiwa ni lile la Waarabu wafugaji wa ngamia. Ajabu ni kwamba wengi waliopimwa hawakuwa na uwezo huo, ilhali ni wanywaji wakubwa wa maziwa. Huenda bakteria wa utumboni huwasaidia.

Kwa hivyo kabila halimpi mzee wangu jibu. Wala si kweli, kama wauzaji wengine wanavyodai, kwamba maziwa ya ngamia hayana laktosi. Yanayo, karibu sawa na ya ng’ombe. Yaliyochachuka, kama susa au maziwa lala, huwa na kiasi pungufu. (Yachemshwe kwanza kabla ya kuchachushwa, kwa sababu ya brusela.) Mtoto anayeharisha naye asinyimwe ziwa la mama. Na ukiona damu kwenye choo, homa au unakonda, usisingizie maziwa, nenda hospitali.

Kinyesi cha mzee kilipimwa, hakikuwa na kasoro. Nilimwambia aanze na nusu kikombe cha susa pamoja na chakula. Baada ya wiki tatu alirudi kuuliza kama sasa anaweza kuongeza hadi kikombe kizima.