Usafi Usioumiza: Ngozi ya Mtoto Wakati wa Kubadilishwa Nepi

Mvua ya alasiri ilikuwa ikipiga mabati nilipoketi ukumbini katika nyumba moja huko Musanda, wadi ya mashamba ya miwa iliyo Mumias Magharibi, kaunti ya Kakamega. Nilikuwa nimetoka Mombasa kwenda kumpa hongera binti wa kaka yangu, aliyeolewa katika jamaa ya Kiislamu ya huko na kujaaliwa mtoto wa kike. Kwa mtu wa pwani safari hiyo si ya ugenini sana. Wafanyabiashara Waswahili walifika katika himaya ya Wawanga tangu karne ya 19, na hadi Nabongo Mumia alipofariki mwaka 1949, dini na lugha yetu zilikuwa zimekwisha kuota mizizi Mumias.

Kilichonishtua ni kilio. Mtoto wa miezi mitatu hulia kwa njaa, kwa usingizi na kwa kutaka kubebwa. Lakini kilio hiki kilianza kila maji yalipomgusa wakati wa kubadilishwa nepi, nacho kilikuwa kikali, cha mtu anayeungua. Nikainuka kwenda kutazama. Kando ya mkeka palikuwa na beseni, kipande cha sabuni ya kufulia, na chupa ya dawa ya kuulia viini, ile inayogeuza maji kuwa meupe kama maziwa. Binti yangu alikuwa akisugua kwa kitambaa, akikichovya na kukikamua, akisugua tena. Makalio na kinena cha mtoto vilikuwa vyekundu, vinang'aa kama tungule lililomenywa.

“Wamuosha hivi mara ngapi kwa siku, mwanangu?”

“Kila anapochafuka, shangazi, na tena kabla ya kila sala. Naogopa nisije nikasimama mbele ya Mungu na najisi mwilini.”

Mama mkwe wake, aliyekuwa mlangoni, alinitazama kisha akainamisha macho. Baadaye, tulipobaki wawili jikoni, aliniambia kwa sauti ya chini: “Dada, nililiona mapema. Lakini mimi ni mkwe. Nikisema sana, itakuwa namwingilia.”

Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi, na naweza kusema kwamba wazazi wanaomwacha mtoto katika uchafu ni wachache. Wengi zaidi ni hawa wa pili: wanaompenda, wanaochunga ibada yao, na wanaomwumiza kwa wingi wa usafi. Ngozi ya mtoto huumizwa na uchafu uliokaa, nayo huumizwa vilevile na usafi uliopita kiasi. Makala haya ni kwa ajili yao.

Kwa nini ngozi huungua

Ngozi yenye afya ina uchachu mdogo unaoilinda. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na ulinzi wake bado ni dhaifu. Nepi inapofungwa, joto na unyevu hubaki ndani, na ngozi hulainika kama vidole vilivyokaa majini muda mrefu. Ngozi iliyolainika hivyo huchubuka upesi kwa msuguano wa kitambaa.

Mkojo na choo vinapochanganyika, jambo hili huzidi. Vijidudu vilivyo katika choo huivunja urea iliyo katika mkojo na kutoa amonia, ile harufu kali inayopanda puani asubuhi tunapofungua nepi ya usiku. Amonia huondoa ule uchachu wa ngozi. Hapo vimeng'enya vilivyomo katika choo, ambavyo kazi yake ni kusaga protini na mafuta ya chakula, hupata nguvu zaidi na kuanza kuila ngozi yenyewe. Ndiyo sababu mtoto anayeharisha huungua kwa muda mfupi sana, na ndiyo sababu choo hakifai kusubiri hata kidogo.

Sasa tazama sabuni ya kufulia inafanya nini. Nayo huondoa uchachu wa ngozi, na huyatoa mafuta yake ya asili. Dawa ya kuulia viini huwasha, hasa ikiwa kali na ngozi imekwisha kuchubuka. Na kusugua ni msuguano, uwe wa nepi au wa mkono wa mama. Hivyo mama anayesugua kwa sabuni na dawa mara kumi kwa siku huifanya kazi ileile ya mkojo na choo, akidhani anaipinga.

Tahara haikutaka kusuguliwa

Hofu ya binti yangu haikuwa ya kuchekwa. Usafi wa mwili na nguo ni sharti la sala, na kupuuza jambo hilo si uchamungu. Lakini sheria yetu ni nyepesi kuliko wasiwasi wetu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na asiyelishwa ila maziwa hutosha kunyunyiziwa maji mahali palipoingia. Wa mtoto wa kike huoshwa. Kuosha kwenyewe ni kwa maji. Najisi ikiondoka kwa kuoshwa mara moja, inatosha, na mara tatu ni sunna. Sabuni si sharti pale ambapo maji pekee yanaiondoa. Rangi au harufu iliyokataa kutoka baada ya juhudi imesamehewa.

Wanazuoni wanafundisha pia kwamba maji machache humiminwa juu ya najisi; kitu chenye najisi kikichovywa ndani yake, maji yenyewe hunajisika. Katika ukunga nasi tunasema vivyo hivyo: usichovye kitambaa chenye choo katika beseni, kisha ukamfutia mtoto maji yaleyale. Mimina kwa birika au kopo, maji yaende zake. Hapo fiqhi na afya zimekutana mahali pamoja, wala hakuna moja iliyoomba mtoto asuguliwe.

Mama naye akumbuke kwamba, katika madhehebu hayohayo, kugusa utupu kwa kiganja hutengua udhu, hata ukiwa wa mtoto. Dawa yake ni kutia udhu tena, au kutumia kitambaa kati ya mkono na mwili. Na mtoto mwenye nepi iliyochafuka asibebwe ndani ya sala. Abadilishwe, au alazwe kando mahali salama. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Sala na mtoto havikuwa maadui. Mwenye shaka zaidi amuulize mwalimu wake, asiitatue shaka yake juu ya ngozi ya mtoto.

Namna ya kuosha

Kwanza andaa kila kitu: maji ya uvuguvugu katika birika, kitambaa laini au pamba, nepi safi, na mafuta ya kupaka. Nawa mikono kwa sabuni. Jaribu maji kwa kiwiko. Yasiwe ya moto. Mtoto akilazwa juu ya kitanda au meza, mkono mmoja usimwache hata mara moja.

Fungua nepi, na kwa upande wake uliobaki safi ondoa choo kilicho kingi. Kisha mimina maji kidogo kidogo, ukipitisha mkono au kitambaa taratibu. Kwa mtoto wa kike, futa kutoka mbele kwenda nyuma, ili choo kisipelekwe kwenye njia ya mkojo. Kwa mtoto wa kiume ambaye hajatahiriwa, osha nje tu. Usiivute govi nyuma. Fungua mikunjo ya mapaja na kinena, kwani ndimo uchafu hujificha. Choo kilichoganda kilainishwe kwa mafuta kidogo kabla ya kufutwa. Ukilazimika kutumia sabuni, iwe ya kuogea isiyo kali wala manukato, kidogo, na isuuzwe yote.

Safarini, tishu zenye unyevu husaidia, mradi ziwe hazina manukato wala spiriti. Ziondoe uchafu, na maji yafuate ufikapo nyumbani.

Kukausha na kulinda

Hatua inayorukwa sana ni kukausha. Usisugue kwa taulo. Gusa-gusa kwa kitambaa kikavu mpaka mikunjo yote iwe mikavu. Kisha mwache mtoto bila nepi kwa dakika chache, alale juu ya leso, hewa impate. Ikiwa ngozi imeanza kuwa nyekundu, mwache muda mrefu zaidi, mara kadhaa kwa siku. Leso itakayoloa hufuliwa. Hewa haina bei.

Baada ya hapo paka tabaka la kukinga. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha kwa mtoto mwenye ngozi nzima. Kwa ngozi iliyowaka, marhamu yenye zinki hufaa zaidi, na ipakwe nene, mpaka ngozi isionekane. Mara ijayo usiikwangue yote. Ondoa choo kilicho juu na uongeze marhamu nyingine. Kazi yake ni kuwa ukuta kati ya ngozi na unyevu, na ukuta haubomolewi kila saa.

Poda iachwe. Vumbi lake huingia mapafuni mwa mtoto, na likiloa hugandamana ndani ya mikunjo. Unga wa mahindi au wa muhogo nao usitumike badala yake.

Nepi yenyewe

Badilisha mara tu mtoto anapopata choo, na kwa mkojo, kila baada ya saa mbili au tatu wakati wa mchana. Najua bei ya pampasi, na najua kuna nyumba ambazo moja hutakiwa ivumilie tangu magharibi hadi alfajiri. Mwenye uwezo mdogo azihifadhi pampasi kwa usiku na safari, na mchana amfunge mtoto winda la kitambaa cha leso kuukuu, kwa kuwa leso iliyofuliwa miaka mingi ina ulaini mwingi. Usifunge suruali ya plastiki juu yake kwa siku nzima.

Nepi za kitambaa zisuuzwe choo kwanza, zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha zisuuzwe mpaka maji yasitoe povu. Sabuni iliyobaki katika nyuzi huwasha kama ile iliyopakwa mwilini. Dawa za kulainisha nguo na za manukato hazihitajiki.

Huko Musanda mvua huja hata baada ya asubuhi yenye jua, na nepi hubaki mbichi. Zisitandazwe juu ya nyasi wala ua wa majani. Kuna nzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu na mchanga, na mabuu yake hupenya ngozi na kufanya majipu. Anika juu ya kamba, na zilizokosa jua kali zipigwe pasi yenye moto pande zote, hasa kwenye mishono. Pasi ya makaa hutosha.

Wakati wa kwenda kliniki

Upele wa kawaida wa nepi huwa juu ya sehemu zilizogusana na nepi, na huanza kupungua kwa siku mbili au tatu za uangalizi mwema. Usipopungua, mpeleke mtoto. Wekundu mkali ulioingia ndani ya mikunjo, wenye vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, mara nyingi ni fangasi, nao huhitaji dawa yake. Mtazame pia mdomoni kama ana utando mweupe usiofutika. Usaha, malengelenge, vidonda vinavyotoa damu, homa, kuharisha au kukataa kunyonya ni sababu za kwenda siku hiyohiyo. Mtoto aliye chini ya mwezi mmoja mwenye malengelenge au homa asisubiri kabisa. Wala usinunue krimu za mchanganyiko dukani kwa kusikia kwa jirani: nyingine zina dawa kali za steroidi, ambazo chini ya nepi hupenya zaidi na kuidhoofisha ngozi.

Tulivyoachana

Jioni ile tuliiweka ile chupa juu ya kabati. Mama mkwe alitoa leso zake mbili za zamani, akazichana vipande bila kusema neno, akazipiga pasi. Binti yangu alimimina maji kwa birika, nami nilimkausha mtoto. Alilia kidogo, kisha akanyamaza. Siku ya nne wekundu ulikuwa umefifia, na mikunjo imeanza kufunika ngozi mpya.

Asubuhi ya kuondoka kwangu niliwakuta wote watatu. Binti yangu alikuwa akisali, mtoto amelala juu ya leso bila nepi, na nyanya yake ameketi kando akimpepea. Alipotoa salamu, binti yangu aligeuka akamwuliza: “Mama, kwa nini hukuniambia?”

“Sikuwa na hakika kama utanisikiliza,” alijibu.

“Niambie tu, mama.”

Basi wewe msomaji, ikiwa una mkwe, wifi au jirani mwenye mtoto mchanga, usiinamishe macho. Sema kwa upole, tena usaidie kuchota maji. Na wewe mama mchanga, mtoto wako ni amana: msafishe kwa maji, mkaushe, mkinge, kisha upumzike. Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika afya na awarahisishie mama zao. Amin.