Mwenye Kuibiwa Asigeuke Mwizi



Likizo za skuli zinapokaribia, jamaa wengi hufunga mizigo wakaenda kuwazuru ndugu zao, au kupunga upepo katika miji wasiyoizoea. Kusafiri ni jambo jema, nako humfunza mtu mambo asiyoyapata akikaa kitako nyumbani. Lakini msafiri hulala katika nyumba isiyo yake, nyuma ya kufuli asilolijua, na huenda ufunguo wa chumba chake umekwisha pita katika mikono mingi kabla ya kufika mkononi mwake. Kwa hiyo mwezi huu tumeonelea tuzungumze habari ya kuibiwa hotelini. Wala hatuzungumzi kwa kusikia, bali kwa yaliyotufika wenyewe, na baadhi ya hayo ni aibu yetu sisi.

Wakubwa wetu wa dini wamesema tangu zamani kwamba mwenye kuibiwa huweza kupata dhambi akamshinda mwizi. Tulipokuwa wadogo chuoni tulilisikia neno hili tukaliona la ajabu. Maana itakuwaje aliyedhulumiwa awe mbaya kuliko aliyemdhulumu? Hatukulifahamu mpaka tulipokuwa watu wazima wenye mvi kichwani. Mwizi huchukua mali ya mtu mmoja akenda zake. Mwenye kuibiwa huwashuku watu kumi, akawataja kwa ulimi wake, na huenda katika hao kumi asiwemo hata mmoja mwenye hatia.

Mkasa wetu

Mwezi wa Disemba mwaka 2022 tulisafiri kutoka Tanga, sisi na ahali yetu na vijana wetu wawili, tukashukia Dar es Salaam, na kutoka hapo tukavuka kwa boti kwenda Unguja. Tulikusudia mambo mawili: kuwaonyesha vijana Mji Mkongwe, na kununua misahafu na juzuu za chuo chetu. Wazee wa wanafunzi walikuwa wametukabidhi shilingi 310,000 kwa kazi hiyo, nasi tulikuwa na shilingi 110,000 zetu za matumizi. Fedha zote tulizitia katika bahasha moja yenye muhuri wa chuo.

Tulipanga katika hoteli ndogo, safi, ya bei nafuu. Mwenye hoteli alitupokea kwa uso mkunjufu, akatuonyesha chumba, na akatuambia kwamba mna kasha la chuma pale mapokezi kwa mgeni mwenye kitu cha thamani. Tulimshukuru, lakini hatukumpa kitu. Tuliona haya kumwonyesha mtu tusiyemjua fedha zetu. Tukaisukuma bahasha chini ya nguo ndani ya mkoba, na mkoba tukausukuma mvunguni mwa kitanda, tukajiona tumefanya hila kubwa.

Siku ya tatu, baada ya sala ya Magharibi, tulikwenda Forodhani. Vijana walitazama Ngome Kongwe, na Beit el-Ajaib ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Tukala mishikaki, tukarudi baada ya Isha. Mlango tuliukuta umefungwa kama tulivyouacha. Mkoba ulikuwa pale pale mvunguni. Bahasha haikuwamo.

Ndugu msomaji, saa ile akili ya mtu humtoka. Tulisema Inna Lillahi kwa ulimi, lakini moyo ulikuwa umekwisha kimbilia kwingine. Ahali yetu alikumbuka kwamba asubuhi tulikuwa tukihesabu fedha, na yule binti mwenye kufagia vyumba na kutandika vitanda alipita mlangoni. Basi hukumu ilikwisha papo hapo. Tulishuka barazani, tukamwita mwenye hoteli, tukapaza sauti. Binti yule, aliyekuwa akijitayarisha kwenda kwao, aliitwa mbele ya wageni na wapita njia. Tukamtaka afungue mkoba wake, akaufungua. Zikaonekana shilingi 60,000.

Tukasema, "Hizi ndizo."

Akajibu kwa sauti ndogo, "Maalim, hizo ni fedha za upatu. Nimepokea leo kwa kina mama wa mtaani kwetu."

Hatukumsikiliza. Mwenye hoteli, akichelea jina la nyumba yake, alimwambia kwamba kuanzia kesho asije kazini. Nasi, Mungu atusamehe, tuliona tumetendewa haki.

Kesho yake tulikwenda kituo cha polisi. Askari aliandika maneno yetu, akatupa namba ya RB, kisha akatuuliza maswali kwa upole. Je, mlimwarifu mwenye hoteli kwamba mna fedha kiasi hicho? Je, mlango ulivunjwa? Nani alilala chumba hicho kabla yenu, na ufunguo aliurudisha lini? Hatukuwa na jibu hata moja. Tulipokuwa katika boti ya kurudi, kijana wetu mdogo alituuliza, "Baba, na kama si yeye?" Tukamkemea anyamaze.

Haukutimia mwezi, mwenye hoteli akatupigia simu. Mtu mmoja alikuwa amekamatwa katika nyumba nyingine ya wageni, akiwa na funguo nyingi alizozichonga. Desturi yake ilikuwa kupanga chumba siku moja au mbili, kuuchonga ufunguo, kisha kurudi wageni wengine wanapokuwa matembezini. Katika funguo zake ulikuwamo wa chumba chetu, na katika mizigo yake ilikutwa bahasha yenye muhuri wa chuo chetu. Ndani yake zilibaki shilingi 40,000.

Kikombe katika mzigo

Kila mwaka tumekuwa tukiwasomesha watoto kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Wanajua wote kwamba kikombe cha mfalme kilipatikana katika mzigo wa nduguye, na ya kuwa ndugu yule hakuiba kitu. Tuliyasomesha haya miaka zaidi ya ishirini. Lakini siku tuliyoziona shilingi 60,000 katika mkoba wa binti wa watu, kisa chote kilitutoka. Kitu kukutwa mzigoni ni jambo la kuulizwa na kuchunguzwa, si hukumu.

Na katika Sura ya An-Nisaa, kuanzia aya ya 105, mna jambo zito kuliko hilo. Wafasiri wameeleza kwamba mtu mmoja wa Madina aliiba deraya, kisha kosa hilo likatupiwa Myahudi asiyekuwa na hatia, na jamaa za mwizi wakaja kwa Mtume (s.a.w.) kumtetea mtu wao. Zikateremka aya za kumtakasa yule Myahudi na kuwakemea waliomtetea mwongo. Tazama, ndugu Mwislamu: aya zasomwa mpaka leo katika misikiti ya dunia nzima kwa sababu ya heshima ya mtu mmoja aliyesingiziwa wizi, naye hakuwa hata wa dini yetu. Basi itakuwaje kwa binti Mwislamu, mwenye kufagia chumba chetu na kututandikia kitanda?

Nayo kanuni ya Mtume wetu (s.a.w.) katika madai yajulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi: ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Sisi hatukuleta ushahidi, wala hatukumpa nafasi ya kuapa.

Nani hulipa?

Wengi huuliza: mali ikiibiwa chumbani, je, si juu ya mwenye hoteli kuilipa? Katika fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, wanavyuoni wametaja habari ya mtu aingiaye hamamu akaziacha nguo zake. Zikiibiwa, mwenye hamamu halipi, ila ikiwa mgeni alimkabidhi azilinde, naye akakubali, kisha akazembea. Maana yake ni kwamba amana haiwi amana kwa kunyamaza. Hapana budi ikabidhiwe na ipokewe.

Wenye watoto na ndugu Uingereza wajue kwamba huko iko sheria ya mwaka 1956 juu ya wenye hoteli. Mwenye hoteli akiwa amebandika tangazo panapostahili, halazimiki kulipa zaidi ya paundi 50 kwa kitu kimoja, wala zaidi ya paundi 100 kwa jumla ya mali ya mgeni mmoja. Isipokuwa mali hiyo ikiwa imekabidhiwa kwake aihifadhi, au imepotea kwa kosa lake au la watumishi wake. Hapo nako, aliyekabidhi mali yake si sawa na aliyeificha mvunguni.

Ama sisi, tulipolipima jambo letu, tuliona kwamba mdaiwa wa kwanza ni sisi wenyewe. Zile shilingi 310,000 hazikuwa zetu. Mwenye kuwekewa amana halipi ikipotea pasipo uzembe wake. Lakini sisi tuliambiwa liko kasha la chuma, tukaliacha. Huo ni uzembe. Tuliwakusanya wazee wa wanafunzi tukawaeleza, na fedha zao tukazilipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi saba.

Ya kufanya

Yule bedui aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, aliamrishwa amfunge kwanza ndipo atawakali. Basi msafiri naye afunge ngamia wake kama ifuatavyo.

Kwanza, asisafiri na fedha taslimu nyingi. Aziache benki au katika simu yenye namba ya siri. Asiweke zote mahali pamoja, wala asihesabu fedha mlango ukiwa wazi.

Pili, aandike katika karatasi kila kitu cha thamani alichonacho, na namba ya simu yake ile ionekanayo akibonyeza *#06#. Wazee wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, kitu cha thamani akikabidhi mapokezi, kihesabiwe mbele ya watu wawili, na apewe stakabadhi. Awapo chumbani atie komeo kwa ndani, na kufuli likiwa bovu aombe chumba kingine.

Nne, ikiwa ameibiwa, akae kitako kwanza. Apekue mizigo yake yote na awaulize jamaa zake mmoja mmoja, kwani mara nyingi kilichodhaniwa kimeibiwa kimehamishwa tu.

Tano, amwite mwenye hoteli faraghani, si barazani. Aulize nani wana funguo na nani alikilala chumba kabla yake. Asimpekue mtumishi wala asimtaje mtu; kupekua ni kazi ya polisi. Kisha aende kituoni, apate namba ya RB, na aiweke. Kwa haraka, polisi wa Tanzania hupatikana kwa simu namba 112.

Sita, ikiwa simu imeibiwa, aifungie laini yake mara moja kwa kampuni ya simu, kabla mwizi hajazifikia fedha zilizomo.

Deni lililobaki

Fedha tulizilipa, lakini lilibaki deni lisilolipwa kwa fedha. Mwenye hoteli alituambia kwamba binti yule amerudi kwao Pemba, akatupa namba ya simu ya shangazi yake. Tulikaa na namba ile siku mbili tukiona haya. Tulipopiga, tulimwomba radhi kwa maneno tuliyoyatayarisha. Alinyamaza, kisha akasema:

"Maalim, fedha mlizoziona niliziandika katika daftari la upatu, mngeuliza mngeonyeshwa. Lakini pale barazani alikuwapo jirani yetu. Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Baba alinipokea kwa kunigeuzia mgongo."

Tukamwuliza tufanye nini. Akajibu, "Mlisema mbele za watu."

Hakuzidisha neno, wala halikuhitaji kuzidishwa. Toba ya haki ya mja haitimii mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe, na heshima iliyovunjwa hadharani hairudishwi kwa kunong'ona katika simu. Tulizungumza na baba yake siku ile ile. Na Disemba ya mwaka 2023 tulirudi Unguja pamoja na vijana wetu wawili, tukakaa katika baraza ile ile baada ya Alasiri, binti na shangazi yake wakihudhuria, tukasema mbele ya mwenye hoteli na majirani kwamba tulimdhulumu, naye hana hatia. Mwenye hoteli alimwomba arejee kazini. Hakukubali, alikuwa amekwisha pata kazi ya kushona, na alisema vyumba vya watu hataki kuviingia tena.

Kijana wetu mdogo alikuwapo akisikiliza. Swali lake la botini tulimjibu siku ile, mwaka mzima baadaye.

Enyi wazazi, watoto wetu hutusoma katika safari kuliko wanavyotusoma nyumbani. Wakituona tumeibiwa, watatazama tutafanya nini: tutauliza, au tutahukumu? Mali hutafutwa ikapatikana nyingine. Jina la mtu likishavunjwa barazani, hata aliyelivunja akirudi na kulisimamisha, ufa hubaki.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi safari zenu na mali zenu, na azihifadhi ndimi zetu zisimtaje asiye na hatia. Amin.