Ardhi Ivimbapo: Fundisho la Mlima Nyiragongo

Jioni ya tarehe 22 Mei, 2021, Mlima Nyiragongo, ulioko mashariki ya Kongo, ulipasuka ubavuni. Lava iliteremka hadi viungani mwa mji wa Goma, ikateketeza vijiji na kuua watu. Ndugu wanajeshi na polisi, yaliyofuata yafaa tuyajue.

Chini ya volkano mna miamba iliyoyeyuka kwa joto, iitwayo magma. Magma ipandapo, ardhi huvimba. Ihamapo, ardhi hudidimia. Na ipenyapo katika ufa, huzisukuma kingo zake zikaachana. Mara nyingi badiliko hilo ni la sentimita chache tu, wala jicho haliwezi kuliona. Kwa hiyo wataalamu husimika ardhini vyombo vinavyopokea mawimbi ya setilaiti na kugundua hata msogeo wa milimita. Aidha, setilaiti zenye rada hupiga picha za mahali pamoja kwa siku mbalimbali. Picha zikilinganishwa, huonekana palipoinuka na palipozama.

Kabla ya mlipuko ule vyombo havikuonyesha dalili iliyo wazi, maana magma ilikwisha kufika karibu na uso wa ardhi. Lakini lava ilipokoma kutiririka, hatari haikukoma. Vipimo pamoja na mamia ya matetemeko vilionyesha kwamba magma ilikuwa ikipenya kuelekea kusini, chini ya Goma na Ziwa Kivu, katika ufa wenye urefu wa kilomita zipatazo 25. Barabara na nyumba zilipasuka Goma, na hata Gisenyi, upande wa Rwanda.

Wakati huo jimbo la Kivu ya Kaskazini lilikuwa chini ya utawala wa kijeshi. Tarehe 27 Mei gavana aliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka. Lava haikutoka mara ya pili. Je, amri ile ilikuwa bure? La, hasha! Magma ilikuwa imefika chini ya nyumba zao, wala hapakuwa na mtu awezaye kuapa kwamba haitatoka.

Basi sisi tulio walinzi wa raia tuna wajibu wa namna mbili: kuwaongoza watu kwa utaratibu amri itolewapo, na kuvilinda vyombo vile milimani. Chombo kilichoibiwa betri hakipimi kitu, na mji ulio chini yake hulala bila zamu.