"Waranti Bado Ipo": Usiandike Kabla Hujauliza Haya

Msimu wa korosho ukifika, huku kwetu Kilambo na Mtwara yote posti za pikipiki na magari zinakuwa nyingi. Mkulima akilipwa anataka chombo. Kipya dukani bei imesimama, kwa hiyo anatafuta kilichotumika kidogo: miezi minne, kilomita chache, nailoni ya siti bado haijatolewa. Hapo muuzaji anaandika: "Waranti bado ipo."

Maneno hayo yanavuta wateja kweli. Ila chombo kikiharibika, ndiyo hayo hayo mteja anakuja nayo kwenye simu yake. Tuelewane leo waranti ni nini, ili faida yako isiishie gereji.

Waranti ni ahadi ya nani?

Waranti ni ahadi ya aliyeitoa: kiwanda, au wakala wake aliyeuza chombo kikiwa kipya. Ina muda na ina kilomita, na kwa kawaida kinachotangulia kuisha ndicho kinachohesabika. Chombo chenye miezi minne kikifanya bodaboda kila siku, kinaweza kuwa kimeshamaliza kilomita zake wakati tarehe bado.

Halafu kuna swali ambalo wengi hatuulizi: waranti inamfuata mmiliki au inafuata chombo? Wengine wanakubali ihamie kwa mnunuzi wa pili, wengine wanataka wajulishwe kwanza, wengine hawakubali kabisa. Jibu liko kwenye kijitabu cha waranti. Kama halipo humo, mpigie aliyeuza kikiwa kipya, mpe namba ya chesisi, umuulize.

Vitu viwili ambavyo si waranti

Cha kwanza ni bima. Bima kubwa inahusu ajali, wizi na moto. Giaboksi ikigoma yenyewe barabarani, bima haihusiki.

Cha pili ni ukaguzi wa TBS. Magari yaliyotumika kutoka Japani yanakaguliwa na TBS, na tangu Aprili 2021 ukaguzi huo unafanyika hapa nchini yakishafika. Mteja anasikia "limepita TBS" anadhani injini imedhaminiwa. Hapana. Ukaguzi unasema gari lilikuwaje siku ile, hausemi litakuwaje miezi mitatu mbele. Na waranti ya kiwandani ya gari lililouzwa kwa soko la Japani kwa kawaida haivuki bahari pamoja na gari, hata kama gari bado linanukia upya.

Mambo yanayoua waranti

Hata waranti iliyo hai haifuniki kila kitu. Vitu vya kuisha kama breki, klachi, cheni, tairi, plagi na balbu mara nyingi havimo. Vingine vinavyofanya watu wakataliwe ni hivi:

1. Kuruka sevisi, au kufanya sevisi kwa fundi wa mtaani bila muhuri kwenye kijitabu.
2. Kukata waya wa kilomita.
3. Kuunga waya za alamu, redio au taa za ziada, halafu mfumo wa umeme unaungua.
4. Kupakia kupita uwezo. Mishikaki ya watu watatu na gunia juu, wakala akiona shokapu anajua.
5. Kutumia chombo kibiashara wakati waranti ni ya matumizi binafsi.

Kisa kimoja cha huku

Msimu uliopita kijana mmoja anayeuza kwa kamisheni aliuza pikipiki ya miezi minne kwa mteja wa huku vijijini. Kwenye posti aliandika waranti ipo. Wiki ya tano gia zikaanza kuruka. Mteja akaisukuma hadi mjini, duka lililoitoa likaomba kijitabu. Sevisi mbili hazikuwa na muhuri. Wakakataa.

Mteja akarudi kwa kijana: "Mdogo wangu, uliniambia ina waranti, mimi sikununua maneno." Matengenezo yalikuwa laki mbili na kumi. Kamisheni ya kijana ilikuwa elfu themanini, na ilishaliwa. Mwenye pikipiki wa kwanza hapokei simu. Nikaitwa kusikiliza. Mwisho kijana akalipa ufundi, mteja akalipa spea, na wote wawili wakaondoka wamenuna. Mteja yule boda ndiyo inamlisha, alikaa siku tisa bila kazi. Hakuna aliyekuwa tapeli pale. Ila hakuna aliyefungua kijitabu kabla ya hela kubadilisha mkono.

Sheria inakutazamaje

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Na posti yako ni maelezo. Pia kama biashara yako ni kuuza vitu vya aina hiyo, inategemewa kiwe na ubora wa kuuzika, isipokuwa kasoro ambazo mnunuzi alizikagua au angeziona kwa ukaguzi alioufanya. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumpotosha mteja. Mnaweza kukubaliana kwamba kitu kinauzwa kama kilivyo, lakini "kama kilivyo" haisafishi uongo uliouandika juu yake.

Andika hivi

Kama umehakikisha: "Waranti ya wakala hadi tarehe fulani au kilomita kadhaa, kinachotangulia. Sevisi zote zina muhuri, kijitabu na risiti utapewa. Breki, klachi na cheni hazimo."

Kama huna uhakika: "Haina waranti. Njoo na fundi wako ukague kabla ya kulipa."

Kama unatoa garantii yako mwenyewe, taja kitu na siku: "Injini na giaboksi, siku 14, kwa fundi tutakayekubaliana." Weka kiasi ambacho ukidaiwa kesho unaweza kulipa.

Siku ya kukabidhiana piga picha ya kilomita, namba ya chesisi, namba ya injini na kurasa za sevisi, umtumie mteja hapo hapo kwenye WhatsApp. Akijibu "nimeona", mnao ushahidi nyote wawili.

Kwa sisi wa mpakani: mteja akivuka Ruvuma na kivuko kwenda Msumbiji, mwambie mapema kwamba wakala wa hapa kwa kawaida anahudumia hapa. Chombo kikizima upande wa pili, ni juu yake kukirudisha.

Utapoteza wateja wawili watatu kwa kuandika "haina waranti". Wanaobaki watajua wakisoma posti yako wanasoma ukweli, na hao ndio wanaokuletea shemeji zao msimu ujao. Mwenye swali aandike hapo chini, na ukiona inafaa mtumie mwenzako anayeuza vyombo.